Kabla hujasema "Kanisa ndilo Israeli"

"Israeli alimkataa Masihi, Mungu akamwacha, Kanisa likachukua nafasi yake." Sentensi hii husemwa madhabahuni haraka haraka, kama jambo lililokwisha amuliwa zamani, kisha mahubiri yanaendelea. Ndani yake mna madai matatu tofauti, na anayeyameza kwa mkupuo mmoja hukubali mengi kuliko anavyodhani.

Mwanateolojia Mmarekani R. Kendall Soulen aliyatenganisha madai hayo mwaka 1996, na mgawanyo wake bado unafaa kuanza nao. Dai la kwanza ni la mpango: agano la Sinai lilikuwa kivuli tangu mwanzo, na Kristo alipokuja kazi yake ilitimia. Lingetimia hivyo hivyo hata kama Wayahudi wote wangalimwamini. Dai la pili ni la adhabu: Mungu aliwatupa Wayahudi kwa sababu walimkataa Yesu. Dai la tatu halitamkwi, hutendwa tu: habari ya wokovu husimuliwa kwa kuruka kutoka anguko la Adamu hadi hori la Bethlehemu, kana kwamba Ibrahimu, Musa na Daudi ni wapita njia. Kanuni ya Imani ya Mitume yenyewe hutoka kwa Muumba wa mbingu na nchi hadi kwa Yesu Kristo bila kumtaja Israeli hata mara moja.

Dai la kwanza ndilo lenye mjadala wa kweli, na wanaolitetea wana maandiko mazito mkononi. La pili lina msingi mwembamba kuliko yote, ingawa ndilo lililohubiriwa sana. La tatu ndilo linalonihofisha zaidi, maana hakuna anayelitetea, kwa hiyo hakuna anayelipinga.

Agano lipi?

Ukimsikia mtu anasema "agano la kale limekwisha", muulize kwanza anakusudia lipi. Biblia ina maagano kadhaa: la Nuhu (Mwanzo 9), la Ibrahimu (Mwanzo 15 na 17), la Sinai (Kutoka 19 hadi 24), la ukuhani kwa Finehasi (Hesabu 25), la Daudi (2 Samweli 7). Paulo katika Warumi 9:4 anaandika "maagano", kwa wingi, na anayaorodhesha kuwa mali ya ndugu zake Waisraeli wakati anaandika, miaka mingi baada ya msalaba.

Hoja yote ya Wagalatia 3 husimama juu ya kutenganisha mawili kati ya hayo. Ahadi kwa Ibrahimu ilitangulia, torati ikaja miaka 430 baadaye, na iliyokuja nyuma haiwezi kuitangua iliyotangulia. Mhubiri anayetumia sura hii kuthibitisha kwamba Mungu amelifuta agano lake na uzao wa Ibrahimu anakata tawi alilokalia: nguvu ya hoja ya Paulo ni kwamba Mungu akishaweka agano haliondoi kwa sababu ya jambo lililotokea baadaye.

Ugumu huja pale torati yenyewe inaposema "milele". Tohara inaitwa agano la milele (Mwanzo 17:13), na Sabato vilevile (Kutoka 31:16). Neno la Kiebrania ni *olam*, na upana wake haulingani kila mara: katika Kutoka 21:6 mtumwa aliyetobolewa sikio humtumikia bwana wake kwa *olam*, na hapo maana yake haiwezi kupita maisha ya mtu mmoja. Kwa hiyo neno peke yake halimalizi kesi, kwa upande wowote. Wakristo wa Afrika Mashariki wanaujua mvutano huu kwa karibu kuliko wengi. Wasabato wanaishika siku ya saba kwa hoja kwamba ilitangulia Sinai, ikatoka kwenye uumbaji. Huko Mbale, Uganda, Semei Kakungulu, aliyefundishwa Ukristo na wamisionari Waanglikana, aliisoma Biblia mwenyewe akaona amri ya tohara haijafutwa popote, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Jamii ya Wayahudi wa Abayudaya ilianzia hapo. Unaweza kuikataa hitimisho yake, lakini swali alilouliza lilikuwa halali kabisa.

Waebrania 8, polepole

Hii ndiyo ngome ya dai la kwanza, na inastahili kusomwa kwa vidole viwili: kimoja Waebrania 8, kingine Yeremia 31. Nukuu ya Yeremia 31:31-34 katika Waebrania ndiyo ndefu kuliko nukuu zote za Agano la Kale ndani ya Agano Jipya.

Anza na mstari wa 32 wa Yeremia katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version. Mungu anasema walilivunja agano lake "ingawa nalikuwa mume kwao". Sasa soma Waebrania 8:9: "Mimi nami sikuwajali." Hizo ni kauli mbili tofauti kabisa. Hakuna mtafsiri wa Kiswahili aliyekosea hapo. Mwandishi wa Waebrania alinukuu tafsiri ya Kiyunani, Septuaginta, ambamo sura hiyo ni ya 38 na mstari huo umetafsiriwa hivyo, huku Yeremia wetu akitafsiriwa kutoka Kiebrania. Anayehubiri "sikuwajali" bila kuiona "mume kwao" anawaachia wasikilizaji talaka ambayo nabii hakuiandika kwa lugha yake.

Endelea. Agano jipya linafanywa na nani? Na nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda. Yeremia hana mshirika mwingine. Kinachoandikwa moyoni ni nini? "Sheria yangu", torati ile ile. Kisha mistari mitatu ambayo Waebrania hainukuu, 35 hadi 37: jua, mwezi na nyota zikiondoka mbele za Bwana, ndipo uzao wa Israeli utakapoacha kuwa taifa mbele zake. Ukiinukuu ahadi ya agano jipya ukafunga Biblia kwenye mstari wa 34, umekata sentensi katikati.

Basi Waebrania inasema nini kimechakaa? Sura ya 7 imekwisha kujibu: "ukuhani ule ukibadilika, hapana budi sheria nayo ibadilike." Sura ya 9 inataja hema, meza, mikate, damu ya mbuzi na ndama. Kitabu kizima kinazungumza habari za kuhani, dhabihu na patakatifu. Hapo kauli yake ni kali na haifai kulainishwa: dhabihu ya Kristo ni moja, haina marudio, na ile ya kwanza "ki karibu na kutoweka". Mkristo anayesema huduma ya Haruni imekoma katika Kristo anasema kilichoandikwa. Lakini swali la kama Mungu bado ana neno na watu wa Israeli halimo kwenye kitabu hicho. Limo Warumi, na huko ndiko pa kulipeleka.

Kosa ambalo huharibu masomo mengi ya Biblia ni kulifanya jibu la Waebrania kuwa jibu la swali la Warumi, au kinyume chake. Wanaotaka kulinda Wayahudi huifanya Waebrania isiwe na makali. Wanaotaka kumweka Israeli kando huisoma Warumi 11 kwa miwani ya Waebrania 8:13.

Mzeituni na mkulima wake

"Je! Mungu aliwasukumia mbali watu wake? Hasha!" Paulo hakuacha nafasi ya kubahatisha. Kisha anatoa mfano wa mzeituni, na ili kuuelewa inafaa kujua kazi ya kupandikiza.

Kwa kawaida mkulima huchukua kikonyo cha mti mzuri akakibebesha juu ya shina la mti mgumu. Wakulima wetu wa michungwa hufanya hivyo: chungwa tamu juu ya shina la mlimau, ili mizizi migumu ilishe tunda tamu. Paulo anasema Mungu amefanya kinyume: tawi la mzeituni mwitu, yaani watu wa Mataifa, limepandikizwa kwenye mzeituni uliotunzwa. Yeye mwenyewe anakiri ni "kinyume cha asili" (11:24). Columella, mwandishi wa kilimo wa Kirumi wa karne hiyo hiyo, anataja kupachika kijiti cha mzeituni mwitu kwenye mti uliodhoofika ili uchangamke, kwa hiyo wazo lenyewe halikuwa geni kabisa. Lakini mkazo wa Paulo uko kwingine: tawi hilo halikuleta chochote cha kujivunia.

Hesabu sasa kilichotokea shambani. Matawi yaliyokatwa ni "baadhi". Mti haukung'olewa. Hakuna mti mpya uliopandwa kando yake. Matawi yaliyokatwa yaweza kurudishwa, tena kwa urahisi kuliko yale ya mwitu (11:23-24). Na tawi geni linaonywa: "si wewe ulichukualo shina, bali ni shina likuchukualo wewe." Onyo hilo liliandikiwa Wakristo wa Mataifa kule Roma, kwa sababu walikuwa wameanza kujivuna. Mfano wa mti huu unalikataa dai la pili moja kwa moja, na unalikataa pia wazo la miti miwili isiyokutana.

Mstari wa 26, "Hivyo Israeli wote wataokoka", una usomaji wa aina tatu kwa uchache. Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16, alielewa kuwa ni watu wote wa Mungu, Wayahudi na Mataifa pamoja. Wengine wanasema ni jumla ya Wayahudi walioamini vizazi vyote. Wengine, na ndio wengi kati ya wafafanuzi wa leo, wanaona ni taifa la Kiyahudi kwa ujumla wake siku za mwisho. Usomaji wa Calvin una shida moja ya wazi: "Israeli" katika mstari wa 25 ni Wayahudi, na ni vigumu neno lile lile ligeuke maana sentensi inayofuata bila Paulo kutoa ishara. Kisha 11:29 inafunga kwa neno zito: "karama za Mungu hazina majuto, wala mwito wake."

Palipo na utata wa kweli ni Wagalatia 6:16. Kiunganishi cha Kiyunani *kai* kabla ya "Israeli wa Mungu" chaweza kuwa "na", hapo Israeli ni kundi jingine, au "yaani", hapo Israeli ni Kanisa lenyewe. Neno moja dogo, na mabawa mawili ya teolojia yamejengwa juu yake. Nisingeweka uzito wa fundisho zima hapo. Vilevile Warumi 10:4, "Kristo ni mwisho wa sheria": neno *telos* lina maana ya kikomo na pia ya lengo, kama mwisho wa safari ulivyo mahali unapokwenda. Kiswahili chetu husikika kama kikomo tu, kwa hiyo mwalimu sharti alieleze.

Jinsi dai la adhabu lilivyokua

Katikati ya karne ya 2, Yustino Mfiadini aliandika waziwazi kwamba Wakristo ndio Israeli wa kweli, wa kiroho. Wakati huo huo, karibu mwaka 144, Kanisa la Roma lilimtenga Marcion aliyetaka kulitupa Agano la Kale lote. Kanisa likabaki na Maandiko ya Israeli likiwa linadai kwamba Wayahudi wenyewe hawayaelewi. Yohane Krisostomo, huko Antiokia mwaka 386 na 387, alihubiri mfululizo wa mahubiri makali dhidi ya Wakristo waliokuwa wakihudhuria sikukuu za sinagogi, na maneno yake juu ya Wayahudi yanaumiza kuyasoma. Augustino alikwenda njia nyingine kidogo: kwa kutumia Zaburi 59:11, "Usiwaue", alisema Wayahudi wasiuawe, waachwe watawanyike wakiwa mashahidi wa Maandiko. Fundisho hilo liliokoa maisha na wakati huo huo likahalalisha unyonge wao.

Hoja kuu ya adhabu ilikuwa kuanguka kwa Hekalu mwaka 70: Mungu ameshatamka. Lakini Hekalu la kwanza nalo lilianguka, mwaka 586 kabla ya Kristo, na hakuna nabii aliyesema agano limekwisha. Mambo ya Walawi 26:44 ilikuwa imekwisha sema: hata wakiwa katika nchi ya adui zao, sitawakataa hata kulivunja agano langu nao. Uhamisho ni adhabu iliyomo ndani ya agano.

Mfano wa wakulima waovu (Mathayo 21) nao hutumika vibaya mno. Shamba la mizabibu, kwa Isaya 5, ni Israeli. Katika mfano huo shamba halichomwi. Wanaoondolewa ni wakulima. Mstari wa 45 unasema nani walijitambua: wakuu wa makuhani na Mafarisayo.

Mwaka 1442 Mtaguso wa Firenze, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ulitamka kwamba desturi za torati zimekoma na Mkristo hawezi kuzishika bila kupoteza wokovu. Miaka minane tu baadaye, Kanisa la Ethiopia chini ya mfalme Zara Yaqob lilikubali rasmi kuiheshimu Jumamosi pamoja na Jumapili. Anayesema "Wakristo siku zote wameamini" asisahau Ethiopia. Mwaka 1543 Luther akaandika kwamba masinagogi yachomwe, na katika karne ya 20 Wanazi waliyachapa maneno yake.

Baada ya mauaji makubwa ya Wayahudi chini ya Wanazi

Jules Isaac, mwanahistoria Myahudi wa Ufaransa aliyempoteza mkewe na bintiye katika kambi ya mauaji ya Auschwitz, alishiriki mkutano wa Seelisberg, Uswisi, mwaka 1947, ambako Wakristo walikubaliana nukta kumi za kusahihisha mafundisho yao. Tarehe 13 Juni 1960 alionana na Papa Yohane XXIII, aliyekuwa ameshaliondoa neno la dharau katika sala ya Ijumaa Kuu kwa Wayahudi. Tamko la Nostra Aetate la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, juu ya uhusiano na dini nyingine, likapita tarehe 28 Oktoba 1965 kwa kura 2,221 dhidi ya 88. Aya yake ya 4 inaliita Kanisa taifa jipya la Mungu, na papo hapo inakataza kuwaonyesha Wayahudi kama waliokataliwa au kulaaniwa na Mungu. Msingi wake ni Warumi 11.

Huko Mainz, Ujerumani, tarehe 17 Novemba 1980, Papa Yohane Paulo II alitaja Agano la Kale "lisilotanguliwa kamwe na Mungu", na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992 ikaliweka hilo katika namba 121. Lakini Wakatoliki hawajafika kusema kuna njia mbili za wokovu. Waraka wa tume ya Vatikano wa tarehe 10 Desemba 2015 unasema Wayahudi wanashiriki wokovu wa Mungu, na kwamba namna hilo linavyowezekana bila kumkiri Kristo waziwazi ni fumbo. Unakataa pia njia mbili sambamba, na kusema Kanisa haliendeshi utume wa kitaasisi unaowalenga Wayahudi. Waraka huo wenyewe unajieleza kuwa si mafundisho rasmi, na anayeunukuu alitaje hilo. Mwaka 2018 Papa Benedikto XVI, akiwa amestaafu, aliandika kwamba hata usemi "agano lisilotanguliwa" unahitaji kufafanuliwa zaidi.

Wapresbiteri na wenzao wa mkondo wa Calvin hulikwepa neno "badala". Kwao agano la neema ni moja tangu Mwanzo 3, likitumika kwa taratibu mbili. Kanisa lilikuwa mtoto, sasa limekua. Udhaifu wao huonekana pale "kupanuka" kunapogeuka kuwa kumeza, ingawa Katekisimu Kubwa ya Westminster ya miaka ya 1640 inafundisha kuwaombea Wayahudi waitwe.

Mafundisho ya vipindi, yanayoigawa historia ya wokovu katika vipindi mbalimbali, yaliyoanzishwa na John Nelson Darby na kusambazwa na Biblia ya Scofield yenye maelezo, ya mwaka 1909, yanamtenga Israeli na Kanisa kabisa. Yanamheshimu Israeli, lakini yalikwama hasa kwenye Yeremia 31: ikiwa agano jipya ni la Israeli, Kanisa linakunywa kikombe gani mezani? Lewis Sperry Chafer, mwalimu wa mafundisho hayo, alijibu kwamba yapo maagano mapya mawili. Wanafunzi wake wa baadaye waliliacha jibu hilo, na walifanya vyema.

Wanaofundisha maagano mawili sambamba, moja la Wayahudi na jingine la Wakristo, wazo lililochangiwa sana na mwanafalsafa Myahudi Franz Rosenzweig, wana jambo la kujibu: Warumi 10:1, Paulo anawaombea Israeli waokolewe. Wanajibu, kwa kufuata angalizo la msomi wa Agano Jipya Krister Stendahl, kwamba kutoka 10:18 hadi mwisho wa sura ya 11 Paulo hamtaji Yesu Kristo kwa jina. Angalizo hilo ni sahihi na linafikirisha. Kwangu halitoshi kulishinda 10:1.

Jambo moja lisichanganywe na haya yote. Agano kudumu halimaanishi kwamba Mkristo ameshapewa jibu juu ya mipaka ya dola iliyoanzishwa mwaka 1948. Maelekezo ya Vatikano ya mwaka 1985 yalisema dola hiyo ipimwe kwa misingi ya sheria ya kimataifa, na bendera inayopeperushwa ibadani haibadilishi hilo. Wakristo Wapalestina ni matawi ya mti ule ule.

Ukiandaa somo juu ya mada hii, lipe vipindi viwili. Cha kwanza Yeremia 31:31-37 yote pamoja na Waebrania 7 hadi 9, swali likiwa: nini kilichochakaa? Cha pili Warumi 9:1-5 na 11 nzima, swali likiwa: nani aliyekataliwa? Usiruhusu darasa lijibu swali la pili katika kipindi cha kwanza. Na Ijumaa Kuu, kabla ya kusoma mateso kwa mujibu wa Yohana, ambamo "Wayahudi" hutajwa mara kwa mara, tenga dakika mbili uwaambie waumini kwamba Yesu, mama yake, Petro na yule mwanafunzi chini ya msalaba, wote walikuwa Wayahudi.